Safu ya Tatu

Katika ghala la ushirika, Chwele,
mahindi huingia kwa lugha moja:
gorogoro.
Hakuna aliyelisajili. Lilikuwa kopo la mafuta ya kupikia,
mafuta yakaisha, kopo likabaki na kazi.
Mama Nelima hujaza, hufuta kilele kwa kiganja,
mnunuzi wa Busia hutikisa kichwa,
wamemalizana.

Mimi ni karani, Nafuna binti wa Wepukhulu.
Nayapokea mahindi hayo mlangoni,
nayaingiza kwenye kompyuta,
na hapo lugha moja huzaa tatu.

Kinu cha Eldoret kinataka ankara
kwenye tovuti yake, kwa nenosiri lake,
gunia liitwe mfuko, mfuko uwe kilo hamsini.
Kinu cha Kisumu kinataka jedwali,
kilo tisini, safu ya tatu iachwe tupu.
Nimeuliza kwa nini iachwe tupu.
Ndivyo ilivyo, wakasema.
Shule za bweni zinataka karatasi, na muhuri, na nakala ya karatasi.
Mahindi yaleyale nayaandika mara tatu
na kila mara yanapungua kidogo.
Si panya. Ni vidole vyangu.

Niwaambie habari ya tarehe.
Niliandika 4/3:
siku ya nne, mwezi wa tatu, mawingu yameinama,
Sikuku ameleta magunia kumi na moja
auze, anunue mbolea.
Kompyuta ya Eldoret ikasoma tatu Aprili.
Haikukosea; ilifunzwa kwingine.
Malipo yakaisubiri siku ambayo haijazaliwa,
na Sikuku akawa anakuja kila Jumatatu, kofia mkononi,
haniulizi kitu, ananitazama tu.
Mvua haisomi tovuti.
Alipanda bila mbolea.

Mwezi wa tano tukaitana, ukumbi wa kanisa la Marafiki.
Wafubwa, aliyeyasomea mambo haya Kakamega,
akachora ubaoni ankara moja ya wote:
muundo ulio wazi, haulipiwi, hauna mwenyewe.
"Kama gorogoro," nikasema,
watu wakacheka, ila wakaelewa.

Mtu wa Eldoret, shati limepigwa pasi,
akasifu wazo. Ila mfumo wao umemeza mamilioni;
tuanze sisi, wao watafuata.
Wa Kisumu akasema watafuata Eldoret.
Aliyetuuzia programu akasema yote yanawezekana,
kisha akataja bei
ya kuzitoa hesabu zetu wenyewe ndani ya sanduku lake.
Nikapiga hesabu: magunia mia na ishirini.
Mama Nelima akauliza
kama ankara hiyo ya wazi itafunguka
kwenye simu yake ya mulika mwizi.
Hakujibiwa.
Tukafunga kwa sala.

Kitu kisicho na mwenyewe
hakina wa kukilipia nauli.

Wala msidhani gorogoro ni malaika.
Wapo wanaolitunisha kitako wakinunua
na kulibonyeza wakiuza.
Lakini mimi huingiza mkono,
naligusa bonde lile kwa vidole,
na mwizi namtaja mbele ya soko zima.
Safu ya tatu, ile tupu,
nitaigusaje?

Tulioafikiana ni wawili hadi sasa, sisi na ushirika wa Kapsokwony.
Kwetu tarehe huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku,
kama mtu anayetaja ukoo, halafu nyumba,
ndipo jina lake.
Za Eldoret bado naandika kama wanavyotaka wao,
usiku, ghala limefungwa, macho yanawasha.

Juzi Sikuku alileta maharagwe, debe mbili.
Akainama juu ya bega langu, akatazama kioo.
"Hiyo ni siku gani?"
"Ni leo."
"Leo ya kila mahali?"
"Ya hapa," nikamwambia. "Na ya Kapsokwony."
Akavaa kofia yake.